Nimrudishe mtoto Makete, au nimvumilie mpaka auzoee mji?

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Pole na kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Mbagala, Dar es Salaam, na ninafanya biashara ya vyombo vya plastiki Kariakoo. Desemba mwaka jana nilimleta nyumbani kwangu mtoto wa marehemu kaka yangu, mvulana wa miaka tisa, ambaye tangu baba yake afariki na mama yake aolewe kwingine alikuwa akilelewa na mama yangu mzazi kijijini kwetu, wilayani Makete, mkoani Njombe. Uamuzi huo ulifanywa na kikao cha ukoo, kwa kuwa macho ya mama yamefifia kwa ugonjwa wa mtoto wa jicho na hatukuona busara kumwachia mzee asiyeona vizuri kazi ya kulea. Mama sasa anakaa na mdogo wangu wa mwisho, katika kijiji cha jirani. Mtoto mwenyewe tulimwambia kwamba anakuja kula Krismasi na mimi, ili asitusumbue njiani, na ilipofika Januari nikamwandikisha darasa la tatu katika shule ya msingi iliyo karibu na nyumbani.

Siku za mwanzo alikuwa mtulivu mno, hadi nikamshukuru Mungu kwa kunipa mtoto asiye na makuu. Shule ilipofunguliwa mambo yakageuka. Haongei, kila ninachomuuliza hujibu "ndiyo, shangazi" au "hapana, shangazi", na hapo mazungumzo yanakwisha. Saa kumi na moja alfajiri anakuwa ameshaamka, anafungua mlango na kukaa kwenye kizingiti cha uani, mpaka wapangaji wenzetu wameanza kulalamika kuhusu usalama. Na katika joto hili lote analala amevaa sweta zito la sufi alilokuja nalo. Siku niliyolifua alisimama chini ya kamba mpaka likakauka, akalivaa kabla halijaanuliwa vizuri.

Jambo linalonitia aibu zaidi ni kwamba amekuwa kikojozi. Nilimpigia mama simu, naye akaniapia kwamba mtoto huyo aliacha kukojoa kitandani akiwa na miaka mitatu. Mume wangu alivumilia mwanzoni, kisha akaanza kumchapa, lakini kuchapwa hakujasaidia kitu. Shuleni mwalimu wake wa darasa ameniambia kwamba hanyooshi mkono, anasinzia darasani, na kwamba huenda uwezo wake ni mdogo. Watoto wenzake humcheka kwa lafudhi yake na kumwita mshamba. Binti yangu wa miaka 13, ambaye sasa analala naye chumba kimoja, amelichukua jina hilo na kulileta nyumbani. Mwezi uliopita mtoto alipata homa, nikampa paracetamol, ikapoa, ingawa tangu hapo namwona amezidi kuchoka.

Wiki iliyopita kijana wa bodaboda tunayefahamiana alimkuta kituo cha mabasi cha Rangi Tatu, akiwauliza makonda ni gari gani linakwenda Njombe. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki wenye sarafu alizozichukua katika kopo langu la chenji. Mume wangu alikasirika sana, akasema kwamba mtoto ameanza wizi na kwamba arudishwe kwao kabla hajapotea tukaulizwa na ukoo. Mimi nilipomuuliza kwa nini alifanya vile, alinijibu swali kwa swali: "Sasa bibi anahesabiwa hela na nani?" Nililiona jibu hilo kuwa la utovu wa adabu, nikanyamaza ili nisimpige.

Nimrudishe kijijini, au nimvumilie? Na je, huu ni ugonjwa au ni ukaidi?

Shangazi mtu, Mbagala.

JIBU

Dada yangu, pole kwa mzigo huo, na hongera kwa kuubeba. Naanza na swali lako la kwanza: usimrudishe sasa, lakini pia usikae ukingoja azoee mwenyewe, kwa sababu yapo mambo yanayomzuia kuzoea na mengi kati ya hayo yamo ndani ya uwezo wako. Ukaidi siuoni popote katika barua yako. Ugonjwa unawezekana, na huo ndio wa kushughulikiwa kesho asubuhi kabla ya jambo jingine lolote.

Mtoto huyu ametoka katika nyanda za baridi, ambako mbu wa malaria ni nadra, akaletwa pwani, tena akaingia katika msimu wa masika. Wanao waliozaliwa Dar es Salaam huenda miili yao imekutana na malaria zaidi ya mara moja na kujijengea kinga kiasi, lakini wa kwake haujui kitu, kwa hiyo malaria ikimpata inaweza kuwa kali kwa haraka kuliko unavyozoea kuona kwa watoto wako. Homa ya mwezi uliopita ilipoa kwa paracetamol, ila dawa hiyo hushusha joto la mwili tu na haiui vimelea. Mpeleke kituo cha afya apimwe malaria na wingi wa damu, ueleze wazi kwamba ametoka Makete, anasinzia mchana, na anachoka tangu alipopata homa. Mtoto mwenye upungufu wa damu husinzia darasani, na mwalimu asiyejua habari hiyo huhitimisha kwamba ni mzito wa akili. Kuanzia sasa homa yake yoyote ipimwe siku hiyohiyo, na alale ndani ya chandarua chenye dawa.

Hapohapo kituoni sema pia habari ya kukojoa kitandani. Mtoto aliyekuwa amekwisha kuacha, kisha akaanza tena baada ya miaka mingi, anastahili kupimwa mkojo ili kuangalia maambukizi na sukari. Vipimo vikiwa safi, sababu inayobaki mara nyingi ni wasiwasi, na katika nyumba za kupanga ipo sababu nyingine ambayo watu wazima hatuifikirii: choo chenu kiko wapi? Kama kiko uani, na kukifikia usiku ni lazima apite gizani mbele ya milango ya watu asiowajua, mtoto wa miaka tisa anaweza kuamka, akaogopa kutoka, akarudi kulala huku amebanwa. Muulize kwa upole, mwachie taa, au muwekee ndoo yenye kifuniko chumbani, na wewe mwamshe unapokwenda kulala. Godoro lifunikwe kwa nailoni chini ya shuka, na mwonyeshe faraghani namna ya kutoa shuka iliyolowa bila nyumba nzima kujua. Kuhusu fimbo nitasema kwa ufupi, na ningependa mumeo asome sehemu hii mwenyewe: mtoto hakojoi kwa kukusudia, kwa hiyo hakuna kosa ambalo fimbo inaweza kulikomesha, na anayelala akiogopa kuchapwa asubuhi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuamka amelowa. Ikome leo.

Sasa niruhusu nirudi kwenye lile swali ulilolichukua kuwa utovu wa adabu. Nimelisoma mara kadhaa, na kwa maoni yangu ndiyo sentensi muhimu kuliko zote katika barua yako. Bibi haoni vizuri. Nani alikuwa akimtofautishia noti ya elfu moja na ya elfu mbili siku ya gulio? Nani alimshika mkono kwenda kanisani, akamtafutia sindano ilipoanguka, akamwambia kama viazi vimeoza au bado? Ukoo ulikaa kikao ukaona mtoto anayelelewa na mzee asiyejiweza. Mtoto mwenyewe anajua kwamba yeye ndiye aliyekuwa macho ya mzee huyo. Hao ni watu wawili waliokuwa wakitegemeana, nanyi mkamwondoa mmoja bila kumwambia nani atashika nafasi yake. Unaandika kwamba mama yako sasa anakaa na mdogo wako. Je, kuna mtu aliyemweleza mtoto jambo hilo? Barua yako haisemi, na nina hofu kwamba kichwani mwake bibi bado yuko peke yake katika nyumba ileile, anaibiwa chenji gulioni.

Kwa hiyo mweleze, kinaganaga, tena mpe simu aongee na bibi mwenyewe. Msiongee naye mkiwa mmemzunguka, na msimhimize aseme kwamba yuko salama. Mwachie simu aende nayo uani, amuulize bibi anachotaka kumuuliza. Ipangwe siku maalumu, tuseme kila Jumapili baada ya ibada, na isiahirishwe kwa sababu ya kukosa vocha, maana mtoto anayejua kwamba Jumapili ataongea na bibi hana haja ya kukimbilia Rangi Tatu siku ya Alhamisi. Pia mwulizeni daktari habari ya macho ya mama. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji, na wazee wengi huona tena baada ya hapo. Anzieni kuuliza katika hospitali ya Ikonda, iliyo wilayani kwenu. Mtoto akisikia kwamba bibi ameandikiwa siku ya kuonwa, atapumua.

Kisha kuna suala la Krismasi. Sisi watu wazima tuna desturi ya kuwasafirisha watoto kama mizigo, tunawafunga vizuri kwa maneno matamu ili wasifunguke njiani. Mtoto wako aliondoka kijijini akiamini kwamba anakwenda kusherehekea na kurudi, kwa hiyo hakumuaga bibi, hakuwaaga rafiki zake, na pengine hata vitu vyake alivyovithamini aliviacha akijua atavikuta. Sikukuu ikapita, akashonewa sare za shule, na hakuna aliyemwambia kitu. Usishangae basi kwamba anaamka alfajiri na kukaa mlangoni, wala kwamba sweta lake halimtoki mwilini. Kaa naye, umwambie kwa maneno mepesi kwamba hamkumwambia ukweli, kwamba ataishi kwako na kusoma hapa, na sababu zake ni hizi na hizi. Anaweza kulia sana, au akakasirika, na hapo usimtulize kwa ahadi usiyoweza kuitimiza. Sweta mwachie, mtafutie lingine jepesi la kuvalia usiku kama atakubali, akikataa liache, joto litamshawishi lenyewe.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu ni mgeni wa miezi kadhaa na bado hana jembe. Huko alikotoka alikuwa mtu mwenye kazi: analima viazi na bibi, anasenya kuni, anachuma pareto ya jirani apate hela ya daftari, anahesabu fedha. Akija kwako anakuta maji yanauzwa kwa dumu, jiko ni la gesi na anaambiwa asiliguse, geti ni la mwenye nyumba, na hata mtoto wa miaka sita wa mpangaji mwenzenu anajua mambo ya mjini kuliko yeye. Ameshuka cheo, dada yangu, na hakuna anayemwambia kwamba anajua kitu chochote. Mimi ningemchukua Jumamosi, akae nawe Kariakoo kwa saa chache, ahesabu chenji ya wateja huku ukimwangalia. Simaanishi kumgeuza mchuuzi; shule na michezo vije kwanza. Lakini mtoto aliyekuwa mhasibu wa bibi yake atafurahi kuona kwamba ujuzi huo una thamani hata huku, na wewe utapata ushahidi wa kumpelekea mwalimu anayedhani uwezo wake ni mdogo. Zile sarafu nazo azirudishe kwenye kopo, kisha aambiwe kwamba akihitaji fedha aombe. Neno mwizi lisitamkwe tena nyumbani.

Kuna jambo moja ambalo hukuligusa, nami nalikisia: je, unaongea naye Kikinga? Wewe umezaliwa huko, lugha unayo, ila nahisi kwamba nyumbani mnazungumza Kiswahili pekee kwa sababu ya mumeo na watoto. Kiswahili mtoto anakijua kwa kuwa amesomea, lakini si lugha aliyobembelezewa, wala si lugha aliyotumia kusema kwamba tumbo linauma au kwamba ameota ndoto mbaya. Hayo majibu yake ya "ndiyo, shangazi" huenda ni ya mtoto anayechunga lafudhi yake kwa kuwa kila anapofungua mdomo anachekwa. Jaribu usiku, mkiwa wawili, kumuuliza habari za kwenu kwa Kikinga: nani jirani alikuwa mkali, baridi ya Julai mnaikabilije, ng'ombe wa nani alizaa. Na kama alikuwa akiimba kwenye kwaya ya watoto kijijini, mtafutie usharika ulio karibu wenye kwaya kama hiyo, kwa sababu mahali ambapo nyimbo ni zilezile hahitaji kuanza upya.

Shuleni usiishie kwa mwalimu wa darasa. Omba pia kumwona mwalimu wa malezi na unasihi. Waeleze alikotoka na jinsi alivyoondoka, uombe akae mbele, na aketishwe na mtoto mpole badala ya wale wanaomcheka. Kumwita mwenzao mshamba kila siku ni uonevu, na mwalimu ana wajibu wa kuukomesha. Lakini huwezi kumdai mwalimu kitu ambacho hukidai sebuleni kwako. Zungumza na binti yako, bila kumfokea, kwa kuwa naye ana malalamiko yake ya haki: amenyang'anywa nusu ya chumba, analala na mvulana asiyemfahamu, tena chumba chenye harufu ya mkojo. Ana miaka 13 na anahitaji faragha. Mtoto ahamie chumba cha mwanao mwingine kama inafaa, au alale sebuleni, nawe umwonye binti kwamba jina hilo halitumiki tena, na kwamba baba yake naye atalisimamia hilo.

Usisahau pia barabara. Kutoka mtaani kwenu hadi Rangi Tatu alipita kandokando ya Barabara ya Kilwa, na mtoto aliyekulia mahali ambapo gari husikika likiwa bado mbali hajui kukadiria kasi ya daladala wala bodaboda inayotokea upande usiotarajiwa. Tembea naye njia ya shule, umwonyeshe pa kuvukia, kisha umwache yeye akuongoze wewe, mpaka uridhike. Mfundishe namba yako ya simu kwa kichwa, kwa kuwa hesabu anaziweza.

Mambo haya yanahitaji wiki kadhaa kabla hujaona tofauti. Hata hivyo zipo dalili ambazo hazingoji: akikataa chakula na kukonda, akisema kwamba anatamani kufa, au akionyesha hofu ya mtu fulani, awe mpangaji, jirani au mtu wa nyumbani. Muulize ukiwa naye peke yake kama kuna mtu anayemgusa au kumtisha. Swali hilo ni gumu, lakini mtoto mgeni asiye na wa kumsemea huwa shabaha rahisi. Afisa ustawi wa jamii wa eneo lenu yupo kwa kazi hiyo, na simu ya huduma kwa mtoto ni 116, hailipiwi.

Nikirudi kwa mumeo, hoja yake kwamba mtoto anaweza kupotea ni ya kweli na usiipuuze, ila kumpandisha basi kwa hasira ni kumhamisha mara ya pili bila kumuuliza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na kikao chenu cha ukoo kilimjadili yeye asipokuwepo. Kwa hiyo napendekeza hivi: likizo ya Juni mpeleke Makete, umwambie sasa hivi kwamba mtakwenda, umwonyeshe tarehe kwenye kalenda. Akamwone bibi kwa macho yake, aone anakolala na nani anayemhudumia. Mkiwa huko kaeni tena, safari hii mtoto akiwepo, na msikilize anachosema hata kama hakiwafurahishi. Akiamua kurudi nawe kwa ridhaa, atakuwa mtoto mwingine. Akisema anataka kubaki, na mdogo wako ana moyo na uwezo wa kumlea pamoja na mama, basi si aibu kwako kumwacha. Elimu bila ada ilianza mwaka 2016 nchi nzima, Makete sawa na Mbagala, na darasa la huko huenda lina nafasi zaidi ya hilo alilomo.

Nauli anza kuiweka pembeni mwezi huu, na tiketi uikate mapema, kwa kuwa mabasi ya Njombe hujaa shule zinapofungwa.